Jina la Mapigo Matatu

Jumatano moja ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na tisa, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka ndani ya hoteli ya chai pale sokoni kwetu, njia ya Wamunyu, nikajificha nyuma ya gunia la makaa. Mwimbaji mwingine angeingia kwa maringo aagize mandazi. Mimi nilichuchumaa. Waliopita waliona bibi mzima wa miaka sitini na tatu amechuchumaa kando ya barabara, wakafikiri yale mtu hufikiri, wakageuza macho kwa heshima.

Ulikuwa wimbo wa ndume. Nayajua mapigo yake kama ninavyojua njia ya kisimani, kwa hivyo nilijua ni wapi pa kuziba masikio. Nikaziba. Lakini vidole vyangu vimekonda kwa kusuka vyondo, vinaacha nafasi, na katika hiyo nafasi nikajisikia nikiimba, kwa sauti safi isiyo na aibu, jina la Maundu mwenye bucha.

Bucha ya Maundu iko hatua thelathini kutoka hoteli hiyo. Alikuwa amesimama mlangoni na kisu mkononi. Hakuwa anakata nyama. Alikuwa anasikiliza.

Watu husema woga unakaa moyoni. Hao hawajawahi kukimbia kutoka sokoni mpaka choo cha shule ya msingi wakiwa wamebeba vyondo sita.

Wacha nianze mahali panapofaa, msije mkasema bibi huyu amechanganyikiwa.

Mimi ni Mumbua, ama Mama Mwelu. Siku za kazi nalima mbaazi na kusuka vyondo. Jumamosi naimba: ngoma katikati ya magoti, filimbi shingoni, na Ndinda jirani yangu akitikisa kayamba na kuitikia. Tunaitwa kwa ndoa, kwa harambee, kwa kufungua kisima. Matangani hatuitwi, maana nyimbo zangu ziko na mzaha, na maiti hana nafasi ya kujibu. Nilisoma mpaka darasa la nne, mwalimu akanifukuza kwa kumwimba. Nilichotoka nacho huko ni daftari la hesabu. Mpaka leo nyimbo zangu naziandika kwa daftari la hesabu, lile la miraba: kila mraba pigo moja la ngoma. Neno likizidi miraba yake nalifukuza, hata liwe tamu namna gani.

Sasa, ndume. Kikundi chetu cha wamama kilinunua ndume ya gredi ya kupanda ng'ombe wetu. Ilikuwa inalala wiki moja kwa kila mama, inazunguka kama mgeni anayependwa. Kiangazi kilipozidi, siku ilipokuwa ihame kutoka boma moja kwenda lingine, ikapotea. Ilibaki kamba tu, imefungwa kwa mti, fundo halijaguswa. Hakuna aliyeona. Basi nikatunga wimbo.

Kwetu, wimbo wa kumsema mtu haumtaji huyo mtu. Unataja kila kitu kilicho karibu naye, halafu ukifika penye jina unafunga mdomo na kupiga ngoma mara tatu. Ta, ta, ta. Watu wanapasuka kwa kicheko, kila mmoja na jina lake kichwani. Chifu hawezi kukushika kwa kunyamaza. Wimbo wangu ulikuwa hivi, ingawa kwa Kikamba unauma zaidi:

Ndume yetu ilikwenda kunywa maji,
ikasahau njia ya kurudi.
Mafuta yanang'aa kidevuni kwa nani?
Ta, ta, ta.

Kwenye daftari, hiyo miraba mitatu ya mwisho ilikuwa mitupu. Na hiyo ndiyo iliyoutembeza wimbo. Watu wa Kangundo hawakuijua ndume yetu hata kwa rangi, lakini tulipouimba huko walicheka mpaka mzee mmoja akaanguka pamoja na kiti. Walikuwa wanamcheka mwizi wao.

Kisha nikaingiwa na tamaa ya kanda.

Abdulghani ana duka la redio mjini Machakos. Babu yake alitoka Pwani, na yeye mwenyewe amezaliwa hapa hapa, lakini Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nyuma ya duka ametengeneza chumba cha kurekodi; kuta zote amebandika trei za mayai ili sauti isirukeruke. Chumba hicho kimepakana na posho mill, mashine ya kusaga unga. Ikinguruma, hata mbiu ya mgambo hutaisikia. Kwa hivyo mtu anarekodi saa ile mwenye mashine ameenda kula, na mwenye mashine ni mtu asiyetafuna, anameza. Tulikuwa na nusu saa kwa nyimbo sita.

Tulipofika kwa ndume niliimba vizuri, nikafika penye miraba mitupu, nikapiga ta, ta, ta. Kukawa kimya. Trei za mayai hazicheki. Abdulghani akasimamisha mashine.

"Mama, umesahau maneno?"

"Sijasahau. Hapo ndipo watu wanacheka."

"Watu gani? Humu tupo watatu, na mimi sijacheka. Mtu akinunua kanda akasikia shimo mara nne, atasema kanda mbovu, atanirudishia. Tia neno hapo, mama. Neno lolote."

Mkewe, Zaituni, alikuwa mlangoni na birika la chai. "Fanyeni haraka," akasema. "Yule jirani ameshaanza kunawa mikono."

Nilitazama miraba yangu mitatu. Nikatafuta cha kutosha pale. Ma-u-ndu. Lilikaa kama kifuniko juu ya sufuria yake. Nikaimba, mara nne, maana kiitikio kinarudi mara nne. Mara ya kwanza Ndinda alinikanyaga mguu. Mara ya pili akaacha, maana alifikiri nimejua jambo ambalo yeye hajalijua.

"Maundu ndiye nani?" Zaituni aliniuliza akinimiminia chai.

"Ni mapigo matatu tu," nikasema, nikacheka. Nilicheka, jamani, na kikombe mkononi.

Sasa mnajua kwa nini nilikuwa nyuma ya gunia la makaa.

Jioni ya Jumatano hiyo, jua likiwa bado juu ya kilima, Maundu alikuja kwangu. Nilimwona kutoka mbali na aproni yake ya bucha, nikamwambia binti yangu Mwelu aingie ndani alale. Mwelu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilikuwa zimemtoka, na hii tulikuwa tunaitembeza kama yai kwenye kijiko.

Maundu alivua kofia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu mwenye hasira akivua kofia, amekwisha kuamua.

"Mama Mwelu, hamjambo."

"Hatujambo, baba. Karibu kiti."

"Sitakaa. Uliniona nikichukua ndume?"

"Sikukuona."

"Kuna mtu alikwambia aliniona?"

"Hapana."

"Sasa jina langu lilifikaje kwa kanda?"

"Lilitosha," nikasema.

"Lilitosha nini?"

"Nafasi."

Haki ya Mungu sikuwa nafanya mzaha. Ndiyo ilikuwa kweli yote niliyokuwa nayo. Lakini nimefanya mzaha maisha yangu yote, na siku niliyosema kweli ilifanana na mzaha.

"Binti yangu Mutindi anaolewa Kangundo," akasema Maundu. "Jumamosi wakwe wanaleta mbuzi wa ntheo, na wewe ndiwe nilikuita uimbe, ulishakula sukari yangu ya mwaliko. Sasa wamenitumia watu kuniuliza kama Maundu wa kwenye kanda ndiye mimi. Wanasema hawawezi kufunga mbuzi kwa boma la mtu aliyeimbwa."

Mbuzi wa ntheo ndio wanaomfanya msichana kuwa mke wa watu. Mbuzi wakirudi, msichana pia amerudi, na kila mtu anajua kwa nini.

"Nitawaambia ni uongo," nikasema.

"Watasema nimekulisha nyama ukabadilisha mdomo. Sikiza, mama. Utakuja uimbe kama tulivyopatana. Siku hiyo wakwe wakitoka bila kulisikia jina langu, yameisha. Likisikika kwa boma langu mbele yao, Jumatatu twende kwa kithitu, mimi na wewe. Mimi nitaapa sikuchukua. Wewe utaapa nilichukua."

Akavaa kofia, akaenda.

Kithitu ni kiapo chetu kile cha zamani. Kimewekwa ndani ya nini sitasema. Hata kuandika mkono unakwepa. Mimi ni Mkristo, ninaimba hata kwaya wakipungukiwa sauti ya tatu. Lakini najua familia moja ng'ambo ya mto iliyoapa uongo kuhusu mpaka wa shamba, na leo mahali pale ni magofu na mapera pori. Ukiapa uongo hakianzi na wewe. Wewe kinakuacha uone. Kinaanza na wadogo, na aliye mdogo kuliko wote kinamwonea njaa zaidi.

Niliingia ndani. Mwelu alikuwa amelala kwa upande, mkono juu ya tumbo.

"Mama, huyo alikuwa anataka nini?"

"Ameleta habari za ntheo. Lala."

"Mbona unatetemeka?"

"Ni baridi ya mwezi wa nane," nikasema, na jasho linanitoka.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Machakos kabla Abdulghani hajafungua duka. Nilikuwa nimebeba kiondo kikubwa cha kubebea kanda zote, nirudi nazo, nizichome na majani ya mbaazi. Abdulghani alitazama kiondo, akanitazama.

"Mama, hizo kanda zimeshaenda. Zimeuzwa Kangundo, Kyumbi, hata stendi hapo zinalia. Hukuzisikia ukishuka?"

Nilikuwa nimezisikia. Nilikuwa nimepita nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

"Basi lifute," nikasema. "Futa jina."

"Kanda haifutwi kwa kitambaa. Njia ni moja: kurekodi sauti ya kulifunika, palepale, kwa kipimo kilekile. Ukiwahi kidogo unaharibu neno lililotangulia. Ukichelewa, jina limeshatoka." Akaniona nilivyokuwa, akashusha sauti. "Tujaribu kwa ile kanda mama, iliyozaa zingine. Zilizotoka siziwezi, lakini tutakazozalisha kesho zitakuwa safi."

Tulingoja mwenye posho mill aende kula. Abdulghani akacheza wimbo, mimi nikakaa na ngoma, nikifika penye jina nipige juu yake. Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya pili ngoma ikapiga kabla sijaiambia. Mara ya tatu niliwahi sawasawa, na tukasikiliza.

Zaituni alitikisa kichwa. "Bado namsikia. Ngoma iko nyuma, yeye amesimama mbele."

Mashine ya posho ikaanza kunguruma, tukawa tumemaliza. Zaituni alinisindikiza mpaka stendi, akaninunulia ndizi kwa njia, akaniambia nisome dua yoyote ninayoijua. Nilisoma zote. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeanza za watoto wa Sunday school.

Ijumaa Ndinda alikuja na shauri. "Tusiuimbe," akasema. "Tuimbe zingine. Tuimbe wimbo wa kuku wa pasta, tuimbe wa kisima. Wakwe watashiba, watasinzia, wataenda. Nani atakumbuka ndume?"

Lilikuwa shauri zuri. Nililishika usiku kucha kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake.

Jumamosi ilikuwa na jua kali. Kwa Maundu walikuwa wamefunga turubai la buluu, masufuria yanachemka, wamama wamekaa kwenye mikeka. Mwelu alikuwa amekataa kubaki nyumbani. Alikaa mbele, miguu imenyooka, anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. Mutindi, yule binti, alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia mikononi. Sinia lilikuwa tupu. Hakuwa amekumbuka kuweka kitu.

Wakwe wakafika saa sita. Waliingia wakiimba, lakini sauti zao zilikuwa nusu, na nikaona mbuzi hawakuingia nao. Watatu, wanene, walibaki nje wamefungwa kwa nguzo ya lango, vichwa vikitazama barabara ya Kangundo.

Niliimba wimbo wa kuku wa pasta. Wakacheka kidogo. Niliimba wa kisima. Wakapiga makofi. Nikaanza kuhisi kwamba Mungu yupo na kwamba anakaa karibu na Wamunyu. Ndipo nyanya wa bwana harusi alipoinuka.

Walimwita Susu Nthambi, na susu kwetu ndiyo nyanya. Alikuwa mzee kunizidi, amekauka kama ganda la mbaazi, macho madogo yanayocheka peke yake bila mdomo. Alikuwa na kiondo begani. Nilikijua, nilikisuka mimi. Akakiweka juu ya meza, akatoa ndani yake redio kaseti.

"Sisi watu wa Kangundo," akasema, "huu wimbo wa ndume tumeucheza mpaka visigino vikapasuka. Halafu tukaletewa kanda, tukasikia jina la mkwe. Mimi ni mzee, masikio yangu yananidanganya. Nataka niusikie hapa ulipozaliwa, mbele ya aliyeuzaa. Jina likiwepo, mbuzi wanajua njia ya nyumbani. Lisipokuwepo, waingie."

Maundu alikuwa ameketi mbele na shati jipya. Hakunitazama. Aliinua kidole kimoja tu kutoka gotini, akakirudisha. Nikaelewa. Jumatatu.

Ndinda alikuwa ameinua kayamba na kuisahau hewani.

"Susu," nikasema, na sauti ikatoka kama ya kuku aliyekaliwa, "kanda ni kitu baridi. Niruhusu niimbe pamoja nayo, ichangamke."

"Imba, mwanangu," akasema. "Nani amekufunga mdomo?"

Akabonyeza.

Nikatoka mle ndani ya redio, mimi Mumbua wa miezi mitatu nyuma, mwenye pumzi, mwenye kucheka, asiyejua kitu. Nilimchukia huyo mwanamke. Nikaanza kuimba juu yake. Ndume yetu ilikwenda kunywa maji. Sikuwa na daftari, lakini niliona miraba yote mbele yangu, inakuja, inakuja kama nguzo za stima mtu akiwa ndani ya gari. Mafuta yanang'aa kidevuni kwa nani?

Nikapiga ngoma kwa nguvu zangu zote. Ta, ta, ta!

Susu Nthambi alikuwa ameinamisha sikio. "Nimesikia 'Ma'," akasema.

Wimbo haukungoja. Ubeti wa pili ulikuwa umeshaanza. Mashine haijui mtu ameogopa. Niliimba nikitafuta kitu, chochote. Ngoma haitoshi. Zaituni aliniambia. Kiitikio kikafika, nikatia filimbi mdomoni, nikapuliza mpaka mbwa wa Maundu akakimbilia chini ya gari la wakwe.

"Sasa nimesikia 'ndu'," akasema Susu. "Katikati bado."

Hakuna aliyecheka. Mutindi aliweka sinia chini, polepole, akaingia jikoni. Maundu alikuwa ameshika magoti yake. Na mimi, macho yangu yakaenda yenyewe kwa Mwelu. Hakuwa anajua chochote cha kithitu, sikuwa nimemwambia. Lakini alikuwa ameacha kujipepea. Ameweka mikono yote miwili juu ya tumbo, kama mtu anayezuia mlango.

Ubeti wa tatu. Pumzi ilikuwa imekwisha. Kifua kilikuwa kinachomwa. Nikaona ile miraba mitatu inakuja, na ndani yake tayari ameketi Maundu, amekaa vizuri, hatoki kwa ngoma, hatoki kwa filimbi. Na nikajua, katika hofu ile, kwamba mtu hatolewi kwenye kiti ila na mtu mwingine anayekaa hapo. Nani? Nani niliye na ruhusa ya kumweka? Kidevuni kwa nani?

"MUMBUA!" nikapiga kelele.

Mu-mbu-a. Mapigo matatu. Lilianguka juu ya lile lingine kama gunia la mahindi juu ya panya.

Mama mmoja nyuma akasema, "Aiya! Amejitaja!" na boma lote likapasuka. Walicheka kile kicheko nilichokuwa nimekikosa kwa trei za mayai. Ndinda alikaa chini. Pasta aliyekuja kubariki chakula alijifunika uso kwa Biblia.

Lakini kulikuwa na mara ya nne, na mimi sikuwa na pumzi ya mara ya nne. Niliimba mstari wa kwanza, wa pili ukanishinda nusu, wa tatu mdomo ulifunguka ukatoa hewa tupu. Kwenye kanda yule mwanamke mwingine akaendelea bila huruma: Mafuta yanang'aa kidevuni kwa nani? Nikafumba macho.

"MUMBUA!" wakajibu. Wote. Wamama wa mikeka, wapishi na miiko yao, wazee, wakwe wa Kangundo, Ndinda aliyekuwa chini, hata binti yangu mwenyewe. Hata yule mzee aliyewahi kuanguka na kiti. Waliniita mwizi wa ndume kwa furaha mpaka turubai likainuka.

Redio ikakata, tak!

Susu Nthambi alingoja kicheko kipungue. Alikuwa na uso mkavu kabisa.

"Nimesikia," akasema. "Mwizi ni huyu mwenye filimbi."

"Na ile 'Ma', Susu?" kijana mmoja wa kwao akauliza. "Na ile 'ndu'?"

"Ma gani? Mimi ni mzee, nasahau." Akanitazama kwa yale macho madogo, na moja likafumba, moja tu. "Leteni mbuzi ndani kabla hawajaungua na jua."

Nilienda nyuma ya jikoni nikatapika. Siwezi kuficha. Nilipoinuka, Maundu alikuwa amesimama hapo na kitu amekifunga kwa gazeti.

"Ni maini," akasema. "Ya mwizi wa ndume."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu nafungua bucha." Akageuka, kisha akarudi hatua moja. "Lakini mama, siku nyingine nafasi ikitaka kutosha, tafuta mtu wa mbali."

Mwelu alijifungua mwezi wa kumi, msichana. Mpaka siku hiyo sikulala usingizi wa kushiba. Hakuna aliyekuwa ameapa, najua, lakini woga ukishafundishwa njia ya nyumbani kwako hauhitaji kuitwa. Nilisimama nje ya wodi nikihesabu pumzi za mtoto kupitia dirishani, na alipolia mara ya kwanza nilisikia mapigo matatu, kisha akapumzika, kisha matatu. Nesi alinifukuza mara mbili.

Zile kanda bado ziko, kwenye redio za watu. Mara kwa mara napita mahali, Kyumbi ama Kangundo, nasikia wimbo unakuja, na tumbo langu linakumbuka choo cha shule. Lakini sasa mahali popote unapochezwa, wamama wakifika penye jina wanapiga kelele "Mumbua!" juu yake, hata wasionijua, wakifikiri ndivyo ulivyotungwa. Watoto wa shule wananionyesha kwa kidole: mwizi wa ndume huyo. Ninawapungia mkono.

Tulirekodi upya. Abdulghani alitaka nitie jina langu, akasema sasa lina soko. Nilikataa. Nilipiga ta, ta, ta, nikanyamaza, na kwa ajili ya ile nafasi Zaituni alikuwa ameleta dada zake wawili na shangazi mmoja, wakaketi chini ya trei za mayai wakicheka pale panapostahili. Yule shangazi hakuelewa Kikamba hata neno moja, lakini ndiye aliyecheka zaidi. Sijui alikuwa na nani kichwani.

Na wapo wanaonishika mkono sokoni wakinong'ona, "Lakini mama, kwa kweli, ndume ilichukuliwa na nani?" Ninatoa daftari kutoka kwenye kiondo, nafungua ukurasa, nawaonyesha ile miraba mitatu, mitupu. Nawaambia: tazama vizuri, nenda nayo nyumbani, jaza mwenyewe.

Na usiniambie.